Amani ya nyumba isilipwe na mzee



Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatoka Sumbawanga, mara nyingi atacheka kwanza, kisha atarudi hatua moja nyuma na kukuomba usimroge. Nilipokuwa seminari ya Kipalapala, kule Tabora, wenzangu walinitania hivyo hivyo. Mvua ikiharibu mechi, ni Msumbawanga. Mwalimu akiugua siku ya mtihani, ni Msumbawanga, na hapo walikuwa wananishukuru. Tulicheka, maana utani ni utani. Lakini jina la mji wetu, kama wenyeji wanavyolieleza, lina maana ya kinyume kabisa. “Sumba” ni tupa, “wanga” ni uchawi. Tupa uchawi. Waliolitoa walikuwa wanauaga uchawi, si kuukaribisha.

Nimeishi na jina hilo zaidi ya miaka hamsini, na siku hizi linanipa swali. Tulipoamua kuutupa uchawi, tulimtupa nani? Nikitazama vijiji vya uwanda wa Ufipa, kuanzia Laela hadi Namanyere, kinachotupwa mara nyingi si hirizi. Ni mtu. Na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, ni mjane, amepita miaka sitini, na macho yake ni mekundu.

Leo ni Jumapili ya nne ya Julai. Papa Fransisko aliiweka mwaka 2021 kuwa siku ya mababu, mabibi na wazee duniani kote, karibu na tarehe 26 Julai tunapowakumbuka Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria, yaani babu na bibi wa Yesu. Katika parokia nyingi leo wazee wataitwa mbele, watapewa sukari, sabuni na kanga, watapigiwa vigelegele na picha zitapigwa. Ni jambo jema, WAWATA waendelee nalo. Mimi naomba niwazungumzie wazee ambao leo hawakuletwa kanisani.

Kwetu Julai ni mwezi wa baridi. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaotoka milima ya Mbizi hauna huruma na mtu asiye na blanketi. Tena ni mwezi wa mahindi. Malori yanapanga foleni kupeleka magunia kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Rukwa inalisha mikoa mingine. Kwa hiyo nikisikia kwamba katika kijiji fulani bibi amelala njaa wiki hii, siwezi kusingizia ukame.

Tukisikia maneno “ukatili dhidi ya wazee”, wengi wetu tunafikiria usiku, tochi na panga. Hayo ni ya mwisho. Mwanzo wake ni mchana, ndani ya nyumba yenye rozari ukutani. Kwanza sahani ya bibi inatengwa, kwa sababu mkono wake unatetemeka na anamwaga mchuzi. Kisha anahamishiwa chumba cha nyuma, kwa sababu anakohoa na watoto wanasoma. Kisha fedha za TASAF anaanza kupokelewa na mjukuu, kwa niaba yake, na niaba hiyo hairudi nyumbani na kitu. Kisha shamba lake la bondeni, alilolima na marehemu mumewe, linalimwa na mtoto wa shemeji bila yeye kuulizwa. Akiuliza, anaambiwa ana maneno mengi. Kila hatua ni ndogo. Hakuna hata moja ambayo ungeipeleka kwa mtendaji wa kijiji bila kuonekana unatafuta ugomvi.

Halafu wajukuu wanaacha kumwamkia. Wanapita mbele yake kama wanavyopita mbele ya mti. Mimi nikiingia katika nyumba na kuona mzee hapewi shikamoo, nashtuka zaidi kuliko nikikuta hakuna chumvi, kwa sababu mtu asiyeamkiwa ameshaanza kuhesabiwa kuwa hayupo, na asiyekuwepo lolote laweza kufanyika kwake.

Hapo ndipo macho yanapoanza kusemwa. Bibi huyu amepika kwa kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha. Moshi umemla macho. Ugali wa ulezi uliowakuza watoto saba ndio uliomfanya awe na macho hayo, na sasa watoto hao hao wanayaona kuwa ushahidi. Sijapata kusikia mzee wa kiume mwenye nyumba ya bati na jiko la gesi akishukiwa kwa sababu ya macho yake.

Tena kuna kusahau. Bibi anaamka usiku wa manane akidhani kumekucha, anatoka nje nguo zikiwa nusu, anapotea, na asubuhi anakutwa mlangoni kwa jirani hajui yuko wapi. Kijiji kinasema ungo umedondoka. Madaktari wana jina jingine, wanauita ugonjwa wa dimensia, ambao unaharibu ubongo taratibu na kumwondolea mtu kumbukumbu, mwelekeo na usingizi wa usiku. Watafiti waliowapima wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miaka ya 2009 na 2010, walikuta kwamba kati ya wazee 100 wenye miaka 70 au zaidi, wapatao 6 wana ugonjwa huo. Hai si Ufipa, lakini ubongo wa binadamu haujui mipaka ya mikoa. Hesabu wazee wa kigango chako, kisha fikiri wangapi kati yao wanahitaji mtu wa kulala nao chumba kimoja na kufunga komeo la mlango, na badala yake wanatafutiwa mganga wa kuwapima.

Yoshua bin Sira aliliona jambo hili miaka kama 2,200 iliyopita. Katika sura ya tatu, aya ya 12 na 13, anamwambia kijana amtunze baba yake uzeeni, na hata akili za mzee zikipungua amvumilie, asimdharau kwa sababu yeye bado ana nguvu zake zote. Huyu mwandishi alikuwa amewahi kukaa na mzee aliyesahau. Huwezi kuandika hivyo kwa kusimuliwa.

Sasa naomba niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu hawatalipenda. Zamani aliyemtaja bibi alikuwa mganga, na tulijua pa kumlaumu. Siku hizi bibi anatajwa pia kwenye maombi. Mtoto anaugua, familia inaita kikundi cha maombezi, watu wanafunga na kukesha, na usiku wa tatu mmoja “anafunuliwa” kwamba kizuizi kiko ndani ya nyumba, ni mwanamke, ni mzee, anakaa upande wa nyuma. Hajataja jina. Ana haja gani ya kutaja? Nyumba nzima inajua nani anakaa upande wa nyuma. Ndugu zangu, Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inakataza mtu yeyote kumpunga pepo aliyepagawa bila ruhusa ya pekee ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padre tu. Kanisa halikuweka ulinzi huo kwa wivu wa madaraka. Liliuweka kwa sababu linajua neno linalosemwa kwa jina la Mungu haliwezi kurudishwa mdomoni. Roho Mtakatifu hajapata kumfunulia mtu jina la bibi wa kuchukiwa. Ukisikia ufunuo wa namna hiyo, toka nje ya maombi hayo, na ukitoka, pitia chumba cha nyuma umsalimie bibi.

Maandiko Matakatifu hayafichi mambo ya nyumbani. Fungua Mwanzo, sura ya 27. Tumezoea kuisoma sura hiyo kwa kumfuata Yakobo, kijana mjanja aliyepata baraka. Isome leo kwa kumfuata Isaka. Ni mzee, haoni, hatoki kitandani. Anamwomba mwanawe Esau amwindie nyama na kumpikia chakula anachokipenda, na mkewe anasikia. Basi jikoni, mke na mtoto mwingine wanapanga. Wanachinja wana-mbuzi, wanapika kwa ladha ile ile, wanamvalisha Yakobo nguo za ndugu yake, wanamfunga ngozi mikononi ili mzee akimpapasa asitambue. Mzee anashuku. Anaisikia sauti na kuona haifanani na mikono. Anauliza, anaambiwa uongo. Anauliza tena. Mwisho anakula, anatoa baraka, na mali inahama. Esau anaporudi na ukweli unajulikana, Isaka anatetemeka sana, na hakuna mtu katika sura hiyo anayemwomba msamaha.

Naomba tuione hali yake ilivyo: aliibiwa na wale waliokuwa wakimpikia. Kipofu hawezi kumkataa anayemshika mkono, kwa sababu ndiye huyo huyo atakayempeleka chooni kesho. Ndiyo maana wazee wengi hawasemi. Ukimuuliza bibi alama ile usoni imetoka wapi, atakuambia ameanguka, naye anajua kwamba jioni wewe utarudi kwako na yeye atabaki na yule aliyemwangusha.

Lakini majirani je? Hapa ndipo penye uzito wa tafakari yangu ya leo, na inanigusa kama mtoto wa Ufipa.

Sisi watu wa uwanda huu tumesifiwa kwa amani. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kuwa wakulima wapenda amani. Miaka ya 1960 alikuja mtaalamu wa mila wa Uingereza, Roy Willis, akaishi kwetu na kujifunza lugha. Miaka mingi baadaye, mwaka 1989, alichapisha makala nzima akijiuliza imekuwaje watu wa Ufipa wawe na amani namna ile. Kwa kweli nasi tunajivunia. Kwetu kupayuka hadharani ni aibu. Mtu mzima hapigani sokoni. Ugomvi unazimwa haraka, wazee wanakaa, pombe ya ulezi inaletwa, yanaisha.

Willis huyo huyo aliandika pia, mwaka 1968, kuhusu Kamchape. Wasomaji wenye umri wanalijua jina hilo. Ni mawimbi ya wasaka wachawi yaliyoingia Ufipa katika miaka ya 1930, na tena mwaka 1963 na 1964, vijana wakipita kijiji kwa kijiji na dawa zao, na waliotajwa sana wakiwa wazee. Hadi leo jina hilo linasikika magharibi mwa nchi yetu, na vijana bado wanachangishana fedha ili wamlete mtu wa kuwatajia mchawi. Angalia basi jinsi mambo mawili yanavyokaa pamoja. Watu wale wale wasiopenda ugomvi ndio wanaompokea mgeni aje afanye ugomvi kwa niaba yao, na akiondoka, kijiji kinabaki na amani yake, ila nyumba moja haina tena bibi.

Nadhani siri iko katika maneno matano tunayoyapenda mno: mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Ni maneno ya busara pale waliogombana wana nguvu sawa. Mume na kaka yake wakigombania mpaka wa shamba, mwachie mzee wa ukoo. Lakini mmoja akiwa na miaka 78, haoni vizuri na anakula anachopewa, na mwingine ana miaka 35 na ufunguo wa ghala, “nyumbani” ni mahali gani? Ni mahali pa yule mwenye ufunguo. Yeremia aliwakemea viongozi wa dini wa siku zake, katika sura ya sita, aya ya 14, kwa sababu waliliponya jeraha la watu juu juu tu, wakitangaza amani ambapo amani haikuwepo. Nikiisoma aya hiyo najiona mimi na wenzangu tuliovaa kola, maana mara nyingi tunaitwa kusuluhisha, na kusuluhisha kwetu kuna maana moja: bibi asamehe.

Msifikiri natisha watu bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011, watu wapatao 3,000 waliuawa nchini mwetu kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, mkoani Kigoma, watu 7 waliuawa kwa siku moja kwa tuhuma hizo hizo. Kabla ya siku kama hiyo kuna siku nyingi za sahani iliyotengwa na salamu iliyokoma, na siku zote hizo majirani wapo.

Nijue kisa kimoja kilichoishia tofauti, nacho nitakisimulia bila kutaja kijiji, kwa sababu wahusika wapo hai na wanasali.

Katekista mmoja wa kigango cha huku juu alikuwa akipeleka Komunyo kwa wagonjwa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Katika orodha yake alikuwepo bibi mmoja mjane. Mwezi wa tano alifika, akaambiwa bibi amelala. Mwezi wa sita, bibi amelala. Mwezi wa saba, bibi amelala, na safari hii ilikuwa saa nne asubuhi. Katekista si mtu mkorofi. Alikaa kwenye kigoda, akasema atasubiri aamke. Wakamletea chai. Akanywa. Wakamletea ya pili. Akanywa. Mwishowe mkwe wa bibi akaanza kulia, akampeleka nyuma, kwenye ghala la mahindi. Bibi alikuwa amelala juu ya magunia matupu, bila blanketi, katika baridi hii ninayowaambia. Magunia yaliyojaa yalikuwa upande wa pili. Alipoona sahani ndogo ya Ekaristi alijitahidi kujifunika kichwa kwa kanga, na kanga yenyewe haikutosha.

Mtoto wake wa kiume hakuwa mlevi wala mpagani. Alikuwa katika kamati ya ujenzi wa kanisa, na mchango wake wa mabati ulikuwa umesomwa kwa sauti baada ya Misa. Injili ya Marko, sura ya saba, inaeleza jinsi Yesu alivyowakasirikia watu walioitangaza mali yao kuwa Korbani, sadaka ya Mungu, kisha wakasema hawana tena cha kuwasaidia baba na mama. Nimeihubiri Injili hiyo mara nyingi. Sikuwahi kuiona ikiwa na ghala.

Wazee wa ukoo walikaa. Wakamwambia katekista asante sana, yaliyobaki ni ya familia. Yeye akaenda kwa mtendaji, na mtendaji akampigia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Alifika baada ya siku mbili. Bibi alipelekwa hospitali, dirisha la wazee, kisha akachukuliwa na binti yake aliyeolewa kijiji cha mbali. Shamba la bondeni bado lina maneno. Nadhani litakuwa na maneno muda mrefu, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi. Na katekista? Nusu ya kigango hawakumsemesha kwa karibu mwaka. Walisema ameleta vurugu mahali palipokuwa na utulivu. Mke wake alinunua sabuni duka la mbali kwa sababu duka la karibu ni la ukoo ule. Siwezi kukudanganya kwamba kumlinda mzee hakuna gharama.

Nimezungumza zaidi juu ya wazee, lakini chumba cha nyuma kina wengine. Kuna kaka mkubwa aliyezaliwa na ulemavu wa akili, ana miaka arobaini, na wageni hawajui kama yupo. Kuna dada kiziwi anayefanya kazi za nyumba nzima bila mshahara, na mimba yake haina maelezo. Kuna mgonjwa wa akili aliyefungwa kamba mguuni, tena na watu wanaompenda, kwa sababu hawajui kingine cha kufanya. Kuna ndugu zetu wenye ualbino, ambao katika mkoa wetu wenyewe wameshambuliwa na kukatwa viungo. Hawa ni watu wazima, na kwa kuwa ni watu wazima tunadhani hawana haja ya mlinzi kama watoto.

Kanisa lilichelewa kuliona hili, tena ndani ya nyumba yake lenyewe. Mei 2019 Papa Fransisko alitoa hati iitwayo Vos estis lux mundi, kuhusu makosa ya kingono yanayotendwa na watumishi wa Kanisa, na humo hakuwataja watoto peke yao. Alimtaja pia mtu yeyote ambaye kwa ugonjwa, udhaifu wa mwili au wa akili, au kwa kunyimwa uhuru, hana uwezo kamili wa kuelewa au kukataa, hata kama hali hiyo ni ya kupita. Hati hiyo inawabana mapadre na watawa: wakijua, wanawajibika kutoa taarifa kwa wakuu wao. Kwa hiyo msomaji, hata anayemtendea vibaya mtu dhaifu akiwa amevaa kanzu kama yangu, usinyamaze kwa heshima ya kanzu.

Ufanye nini basi? Una kitu ambacho serikali haina, nacho ni jumuiya. Afisa ustawi wa jamii ni mmoja kwa vijiji vingi, na pikipiki yake haina mafuta kila siku. Jumuiya Ndogo Ndogo inakutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, na kila mwanajumuiya anajua nani anaishi wapi. Tatizo ni kwamba tunasali sebuleni. Wiki hii mkifika kusali, ulizeni habari za wale wasiokuja sebuleni, na kabla ya kuondoka mmoja wenu, afadhali mwanamke mzima, aende awasalimie peke yake, bila mwenye nyumba kusimama mlangoni. Mzee hatasema neno mbele ya anayempikia. Aulizwe amekula nini, si kama amekula. Aangaliwe blanketi. Kama kuna alama ya kipigo au njaa, mpeleke hospitali kwanza, maneno baadaye, na taarifa iende kwa mtendaji, kwa ustawi wa jamii au polisi, hata kama mwenye nyumba ndiye mwenyekiti wa jumuiya.

Wapo pia wanaohudumia vizuri na wamechoka. Binti anayemgeuza mama yake kitandani usiku mara tatu, mwaka wa nne huu, naye ana watoto, hahitaji hotuba yangu. Anahitaji mtu wa kukaa na mama Jumamosi moja ili yeye alale. Legio ya Maria na vijana wa VIWAWA mnaweza kupangana zamu. Nimeona mtu mwema akianza kumpiga mzee kwa sababu ya uchovu tu, na alikuwa akilia huku anampiga.

Na jambo moja la kitaratibu. Ukiniambia habari ya namna hii ndani ya kitubio, mdomo wangu umefungwa hadi kaburini. Siwezi kumwambia mtendaji, siwezi hata kukukumbusha wewe mwenyewe tukikutana njiani. Kwa hiyo njoo utubu dhambi zako, kisha tukitoka nje niambie tena tukiwa kwenye benchi, mchana, kama maongezi ya kawaida. Hapo naweza kuvaa viatu tukaenda pamoja.

Wahudumu wa Ekaristi wa Ufipa wataanza mzunguko wa wagonjwa tena Ijumaa hii. Nimewaomba wawe na utaratibu mmoja mpya. Wakifika mahali wakaambiwa mgonjwa amelala, watarudi kesho yake, na wakiambiwa hivyo mara ya pili, watakaa wasubiri aamke. Chai watakunywa.